Modeli ya mikopo inawakata akina mama wa omena, na mimi ndiye wa kuipitisha. Nishaurini

Mchanganuzi_Kisumu aliandika:

Habari za jioni wadau. Mimi ni mtu wa data hapa Kisumu, nafanya kazi na kampuni ndogo inayokopesha watu kwa simu. Sitaitaja, na tafadhali msinivute kwenye inbox kuniuliza ni ipi. Kazi yangu ni kutunza modeli, yaani programu ya kompyuta inayoamua nani apewe mkopo na nani aambiwe "jaribu tena baadaye".

Toleo jipya liko tayari. Kwa jumla limeshinda la zamani: kwenye majaribio, wanaokopa bila kulipa wamepungua, na bosi anatabasamu. Taabu ilianza nilipoyagawa matokeo kwa aina ya biashara. Wachuuzi wa omena (dagaa wa ziwani), karibu wote akina mama wa Dunga na fuo nyingine za ziwa, wanakataliwa kupita bodaboda, wauza mitumba na wenye vibanda. Na wale wachache waliowahi kupewa wamelipa vizuri tu, hawana tofauti na wengine.

Nikachimba. Kigezo kizito kuliko vyote ni kile tunachokiita uthabiti wa mapato: tunaangalia pesa zinazoingia kwenye simu kila wiki kwa miezi mitatu, zikiyumba alama inashuka. Sasa nyinyi mliokulia ziwani mnajua mambo yalivyo. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwaka. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inalala ufuoni, mama hana cha kununua wala cha kuanika. Siku za giza zikirudi, pesa zinaingia kwa fujo. Juu ya hapo kuna Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa. Modeli ikitazama haya yote inaona mtu anayefilisika kila mwezi na kufufuka.

Kigezo cha pili ni umri wa laini ya simu. Wengi wa akina mama hawa walitumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mume au kijana wao, wakaja kupata yao juzijuzi. Kwa modeli, ni wageni mjini.

Bosi anasema jinsia haimo kwenye modeli, kwa hivyo hakuna aliyebaguliwa, hesabu ni hesabu. Kikao cha kuipitisha ni wiki ijayo na sahihi inayongojewa ni yangu. Nirekebishe nini? Na nimwambieje mtu huyu bila kuonekana nazuia kazi? Nina watoto wa kusomesha, msiniambie niache kazi.

Hesabu_Kali alijibu:

Kuitoa jinsia kwenye jedwali hakuitoi kwenye data. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba Amazon ilikuwa imeachana na programu yake ya kuchuja waomba kazi. Ilifundishwa kwa wasifu wa miaka kumi, mwingi wa wanaume, ikajifunza kumshusha aliyetaja klabu ya wanawake. Hakuna aliyeiambia ibague.

Ila kesi iliyo karibu na yako ni ile ya hospitali za Marekani iliyochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2019. Algoriti ilitakiwa kuwatambua wagonjwa wanaohitaji uangalizi zaidi, na walioijenga wakaipa kipimo cha mkato: gharama za matibabu. Watu weusi, kwa ugonjwa uleule, walikuwa wametumiwa pesa kidogo, basi ikawahesabu kuwa na afya njema. Nyinyi mnataka kujua kama mama atalipa. Mmepima kama pesa zake zinaingia kama mshahara wa mwalimu.

Kwa bodaboda kipimo hicho huenda kinafanya kazi kweli, na kwa kuwa bodaboda ni wengi kwenye data yenu, modeli imechukua sheria yao ikawavika wote. Ukitazama wastani hutaona kitu.

Rekebisho la kwanza: acha wiki. Linganisha siku za giza na siku za giza zilizopita, mbalamwezi na mbalamwezi. Mzunguko ni kama siku 29 na nusu, kwa hivyo hata mwezi wa kalenda utakuponyoka polepole. Msimu wa kufungwa ulinganishe na msimu uleule wa mwaka uliopita, ama uuache nje kabisa.

Kondele_Mkaidi alijibu:

Mimi nauliza tu. Hizo ni pesa za mtu, si sadaka. Ukimlegezea mama wa omena na akashindwa, ataandikwa CRB, kwenye orodha ya wasiolipa madeni, na hatakopa tena popote. Hapo umemsaidia ama umemzika? Watu wa maadili mnapenda kuhesabu waliokataliwa, waliokopeshwa wakazama hamuwahesabu.

Nyar_Dunga alijibu:

@Kondele_Mkaidi una haki ya kuuliza, lakini ngoja nikujibu mimi niliyelelewa kwa omena.

Mama yangu anachukua mzigo kwa mwenye mtumbwi kwa mdomo, analipa akishauza. Deni hilo halipiti kwenye simu hata siku moja, na hajawahi kulala nalo. Anauza kwa gorogoro (mkebe wa kupimia), wateja wengi wanampa noti mkononi. Kinachoonekana kwenye simu yake ni kipande tu, mara nyingi ni pesa ya yule anayenunua magunia kupeleka Nairobi. Halafu mvua: omena isipokauka vizuri inaharibika rangi, inaenda kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Wiki kama hiyo mtu anauza magunia mengi na anaingiza pesa kidogo. Hiyo modeli yenu inajua mvua?

Na jambo lililoniudhi kuliko yote: mikopo yenu ni ya siku 30 bila kujali unaanza lini. Akikopa siku za giza zinapoanza, anazungusha na kulipa mapema. Akikopa zinapoisha, nusu ya siku zake zinaanza na mtumbwi uliolala. Mama yuleyule, biashara ileile. Kabla ya kuuliza nani apewe, ulizeni alipe lini.

Akikataliwa nanyi haendi nyumbani kulala. Anaenda kwa shailoki, mkopeshaji wa mtaani mwenye riba kali.

Mchanganuzi_Kisumu aliandika:

@Nyar_Dunga hiyo ya tarehe ya kuanza sikuwa nimeifikiria hata kidogo. Sisi tunahesabu aliyechelewa kuwa mkopaji mbaya, basi kuna watu tumewaandika wabaya kwa sababu ya mwezi. Kesho nitagawa marejesho ya zamani kufuatana na siku ya mwezi mkopo ulipotolewa.

Sheria_Nakuru alijibu:

Tulieni niwape upande wa sheria, kwa sababu bosi anaonekana anadhani hili ni suala la huruma.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35: mtu ana haki ya kutofanyiwa uamuzi wa mashine peke yake ukiwa unamwathiri pakubwa. Kuna misamaha, kwa mfano uamuzi ukihitajika kwa ajili ya mkataba au mtu akiridhia. Lakini hata hapo lazima aarifiwe kwa maandishi kwamba mashine ndiyo iliyoamua, naye anaweza kuomba uamuzi ufikiriwe upya. "Jaribu tena baadaye" si taarifa. Kuna mtu kwenu anayepokea maombi hayo ya kufikiriwa upya? Awe na uwezo wa kugeuza jibu, si wa kusema pole tu.

Kifungu cha 31: kazi ya data inayoweza kuhatarisha haki za watu hufanyiwa kwanza tathmini ya athari, na ripoti huwasilishwa siku 60 kabla. Nawe unasema wiki ijayo. Angalia kama tathmini ya toleo la zamani ipo na kama inagusa vigezo hivi vipya. Kama haipo, hilo peke yake latosha kuahirisha kikao, na wala si wewe utakayeonekana mkorofi.

Mtego mmoja: sheria hiyo inaiweka jinsia kwenye data nyeti. Ili upime kama akina mama wanaonewa unahitaji kujua nani ni mama. Usiibahatishe kwa majina. Pata msingi wa kisheria, itunze mbali na modeli, waione wachache, itumike kupimia tu.

Ukihitaji maneno mazito zaidi, Katiba kifungu cha 27 hakizuii ubaguzi wa wazi peke yake. Kinataja na usio wa moja kwa moja.

Bonde_Koda alijibu:

Naongezea kwa sauti ya chini. Kama kuna kigezo cha mtaa au wodi, kiangalie kwa jicho kali. Niko Nakuru. Ukisema Kaptembwo au Milimani umeshasema mfuko wa mtu, na ukitoka nje ya mji jina la wodi linasema na kabila. Mahali nilipowahi kufanya kazi, modeli ilikuwa inasoma orodha ya namba za simu za mteja na jinsi alivyoziandika majina. Kwa nchi hii, tena kwa mkoa wetu huu baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, orodha ya majina ni ramani ya ukabila. Walipoambiwa wakasema, "lakini inatabiri vizuri." Bila shaka inatabiri vizuri. Nilihama.

Wakopeshaji wa kidijitali tangu 2022 wana kanuni za Benki Kuu, na kumsumbua mtu kwa kuwapigia jamaa na marafiki kumekatazwa. Sasa hizo namba mnazikusanya za nini?

Mchanganuzi_Kisumu aliandika:

Namba za marafiki hatuchukui, asante Mungu. Wodi imo. Naitoa.

Nimejaribu ushauri wa @Hesabu_Kali usiku huu. Nikipima kwa mizunguko ya mwezi badala ya wiki, pengo limepungua vizuri na ubora wa jumla haukuyumba. Halijaisha. Swali langu sasa: nipunguze hadi wapi? Waliokubaliwa wawe sawa kwa kila kundi, ama walioonewa wawe sawa?

Hesabu_Kali alijibu:

Hapo umefika penye ugumu wenyewe, na hakuna fomula itakayokuokoa. Mwaka 2016 ProPublica waliandika kuhusu COMPAS, programu ya Marekani inayokadiria nani atarudia uhalifu. Walionyesha kwamba watu weusi ambao hawakurudia walipachikwa alama ya hatari mara nyingi zaidi kuliko wazungu. Walioiunda wakajibu kwamba alama ileile ina maana ileile kwa weusi na wazungu. Wote wawili walikuwa na hesabu sahihi. Wanahisabati wakaja kuonyesha kwamba makundi yakitofautiana katika kiwango cha msingi, yaani wangapi kwenye kila kundi hurudia uhalifu (kwako, hushindwa kulipa), huwezi kutimiza vipimo hivyo vyote kwa pamoja, ukiacha hali za nadra. Lazima uchague, na kuchagua ni kazi ya watu kwenye kikao.

Ningekuwa wewe ningechagua hiki: kati ya watu ambao wangelipa, asilimia ya wanaokataliwa isitofautiane mno kati ya makundi. Hicho kinamgusa mama wa @Nyar_Dunga moja kwa moja, na kinamheshimu @Kondele_Mkaidi pia kwa sababu hakikulazimishi kumkopesha asiyeweza. Andika mlichochagua na kwa nini, mweke sahihi wote. Isiwe yako peke yako.

Tatizo moja litabaki: hujui waliokataliwa wangelipa au la, kwa kuwa hamkuwapa. Omba bajeti ndogo, uwape mikopo midogo baadhi ya waliokataliwa kwa bahati nasibu, utazame. Bosi atalalamika. Mwambie ni gharama ya kujua soko ambalo washindani wake hawalioni.

Kondele_Mkaidi alijibu:

Hiyo ya mwisho ndiyo lugha ya bosi. Ukianza na maadili atakusikiliza dakika mbili. Anza na wateja wazuri anaowafukuza, halafu umpe @Sheria_Nakuru na siku zake 60.

Mchanganuzi_Kisumu aliandika:

Nimeelewana nanyi. Kikaoni nakwenda na mambo haya: wodi inatoka, kipimo kinafuata mwezi, tarehe ya kulipa mteja anachagua, anayekataliwa anaambiwa sababu na namba ya mtu wa kumpigia, na tathmini ya athari inatafutwa kabla ya lolote. Umri wa laini bado unanisumbua, nikiutoa ulaghai unapanda.

Nyar_Dunga alijibu:

Umri wa laini usiutoe, uuzidishie kitu. Muulize yuko kwenye chama gani cha kuweka akiba na amechanga tangu lini. Kitabu cha chama cha mama yangu kina miaka mingi kuliko hiyo kampuni yenu, na katibu wao anaandika vizuri.

Sheria_Nakuru alijibu:

Kwa ridhaa yake, na ya kitabu chake tu. Msije mkapiga picha kurasa za wanachama wengine.