Gita la nusu uvungu la bei nafuu: nianze na pikapu mpya (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi) au nianze wapi?

Solo_wa_Umoja

Habari zenu wadau. Napiga solo kwenye bendi ndogo ya rumba na benga hapa Nairobi, harusi na hoteli wikendi, Jumapili niko kanisani. Nina gita la nusu uvungu la mtumba, lile umbo la ES-335 ya Gibson: tundu mbili za f, hamubaka mbili (pikapu za koili mbili), vifundo vinne, swichi ya njia tatu. Limetengenezwa Asia na ni la bei ya chini. Nalipenda sana. Linakaa vizuri mwilini, halichoshi bega, na usiku naweza kufanya mazoezi bila ampu nikajisikia vizuri.

Shida zake ni hizi. Uzi wa G hautulii: nikiuvuta kidogo haurudi mahali pake, na nikiukaza unatoa "tik" pale kichwani. Pikapu ya shingoni ina sauti nzito mno, nyuzi nene zinameza nyembamba, na nikiingia na mi-solo (lile gita la kati, kati ya solo na ridhimu) chini ya mwimbaji sisikiki kabisa. Halafu nikipunguza sauti kutoka kumi hadi saba, ung'avu wote unakwenda. Swichi inakwaruza na jeki inakatakata nikisogea.

Nimeweka akiba ya shilingi elfu ishirini kwa ajili ya kuliboresha. Wenzangu kwenye bendi wananisukuma niagize pikapu kutoka Marekani. Nikifanya hivyo pesa yote imeisha. Nianze nazo kweli? Na waya zinatolewaje, maana gita hili halina kifuniko nyuma?

Fundi_Nyuzi

Kijana wangu, pikapu ziache kwanza. Nitakueleza kwa nini, kisha uamue mwenyewe, maana pesa ni yako.

Shida yako ya kwanza haihusiani na umeme hata kidogo. Uzi unaotoa "tik" ukikazwa umebanwa kwenye nati, kile kipande cheupe pale shingo inapokutana na kichwa. Kwenye vichwa vya namna hii, vyenye mashine tatu za kukazia nyuzi kila upande, nyuzi za D na G zinapinda sana kwenda pembeni zikishatoka kwenye nati. Mfereji ukiwa mwembamba kidogo tu, uzi unakwama. Unakaza, haupandi, halafu unaruka ghafla. Wengi wakifika hapo hununua mashine mpya za kukazia, na shida inabaki palepale. Fanya jaribio hili: weka uzi wa G sawasawa, kisha ubonyeze kwa kidole upande wa kichwa, kati ya nati na mashine, uachie. Sauti yake ikibaki juu na isirudi, nati ndiyo inaushika.

Kwa leo, legeza uzi, uinue, sugua ncha ya penseli laini ndani ya mfereji mpaka uwe mweusi, urudishe. Utapata nafuu. Dawa ya kudumu ni nati ya mfupa, na hapa Nairobi tuna bahati kubwa. Kibera kuna mafundi wanaochonga mifupa ya ng'ombe kuwa shanga na vipuli, tena mifupa iliyokwisha kusafishwa na kukauka. Omba kipande cha mfupa wa mguu, kizito, kisicho na vitundu. Magita mengi ya aina hii yana upana wa milimita 42 au 43 kwenye nati, lakini pima la kwako, usiniamini mimi.

Faili maalumu za mifereji ni ghali. Mimi hutumia zile sindano za kusafishia mdomo wa tochi ya kulehemu kwa gesi. Zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kulehemu, zimefungwa pamoja kwa unene tofauti tofauti. Chagua inayozidi unene wa uzi kidogo sana, na uchonge ukiinamisha kuelekea kwenye mashine ili uzi ukae kwenye ukingo wa mbele, upande wa fireti, vile vyuma vya kukatisha shingo. Kina utakijua hivi: bonyeza uzi kati ya fireti ya pili na ya tatu, tazama juu ya fireti ya kwanza. Lazima ubaki mwanya, hata uwe mdogo kama unywele. Ukiona uzi umelala kabisa juu ya fireti, umechonga kupita kiasi na uzi utakwaruza ukipigwa wazi. Kazi hii haitaki haraka. Ni kipande kidogo kuliko vyote kwenye gita, na hakuna kitakachokupa raha zaidi jukwaani.

Sasa hiyo pikapu ya shingoni. Chukua bisibisi. Bonyeza nyuzi zote mbili za nje kwenye fireti ya mwisho, kisha pima nafasi kutoka juu ya pikapu mpaka kwenye uzi. Mara nyingi magita haya hutoka dukani pikapu ikiwa juu mno. Mimi huanza na milimita 2.5 shingoni na kama 2 darajani, halafu naishusha zaidi upande wa nyuzi nene. Shusha, piga, sikiliza. Kisha inua kidogo zile skrubu ndogo za chini ya nyuzi nyembamba. Kazi hii haikugharimu hata senti, na nimeona watu wakiahirisha kununua pikapu mpya baada ya dakika kumi za bisibisi.

Ung'avu unaopotea ukipunguza sauti ni jambo jingine, na hilo ndilo ningelilipia. Kebo yako ina tabia ya kapasita: kila mita inamwaga sauti nyembamba kidogo chini. Poti, kile kifaa kilicho chini ya kifundo, ikiwa wazi kabisa humwoni huyo mwizi. Ukiishusha, unaweka ukinzani kati ya pikapu na kebo, na sauti nyembamba ndiyo inayoumia. Kuna namna ya kufunga waya iliyotumika kwenye magita ya Gibson ya miaka ya 1950: poti ya toni inaunganishwa kwenye mguu wa kati wa poti ya sauti, ule unaopeleka sauti nje, badala ya mguu unaopokea waya wa pikapu. Ukifunga hivyo, hata kwenye sita au saba gita linabaki na uwazi wake. Kwa mtu wa rumba, ambaye mkono haubanduki kwenye kifundo cha sauti, hiyo ni zawadi.

Kwa hiyo badilisha poti zote nne, kapasita mbili, swichi na jeki kwa mpigo mmoja. Ukishaingiza mkono mle ndani hutataka kurudi mara ya pili.

Rumba_Jericho

Namuunga mkono Fundi kwa mpangilio wake, ila nisingependa mdau aondoke hapa akidhani pikapu ni mapambo. Hamubaka za bei ya chini mara nyingi huzungushiwa waya mwingi ili zionekane zina nguvu dukani. Kwa mpiga roki mwenye kelele nyingi haidhuru. Kwetu inadhuru. Sikiliza magita ya Shirati Jazz, bendi ya benga ya D.O. Misiani: kila noti imesimama peke yake, hata gita mbili zikipishana kwa kasi. Sauti ile haitoki kwenye pikapu yenye nguvu iliyopitiliza.

Kama una multimita, chomeka kebo kwenye gita, fungua sauti yote, weka swichi shingoni, pima ukinzani kwenye plagi ya upande wa pili. Ukipata kati ya kiloomu 7 na 8, uko karibu na hamubaka za zamani, zile alizobuni Seth Lover akiwa Gibson mwaka 1955 na ambazo ES-335 ilizaliwa nazo mwaka 1958. Ukikuta 13 au 14, hapo ndipo mimi ningeanza kuweka akiba ya pili. Namba hiyo peke yake haisemi yote, aina ya sumaku na unene wa waya nao wana neno, lakini inakupa mwelekeo.

Na siku ukinunua, tafuta ya nguvu ndogo yenye sumaku ya alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti). Ukiagiza nje, hesabu usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla hujafurahia bei ya kwenye skrini.

Besi_Kayole

Za vifaa: poti, kapasita, waya na risasi ya kulehemu vyote viko Luthuli Avenue. Angalia maandishi. Kapasita ya mikrofaradi 0.022 imeandikwa 223. Ukiletewa 473 hiyo ni 0.047, itafunika sauti zaidi ukifunga toni. Na usikubali ya umeme mkubwa, yale madude hayatapita kwenye tundu.

Poti omba A500K. Nyingi utakazoonyeshwa ni B. Jeki nunua nzuri hata kama ni ghali mara tatu.

Solo_wa_Umoja

Asanteni sana wazee wangu. Nimepima kama Rumba alivyosema: shingoni 7.6, darajani 8.2. Nimeshusha pikapu ya shingoni na tofauti naisikia, jana nimepiga mi-solo na mwimbaji mwenyewe akageuka. Penseli nayo imepunguza ile "tik", ingawa haijaisha.

Mawili yamebaki. Tofauti ya A na B ni nini hasa? Na hilo la kutoa waya bado linanitia hofu. Nimemulika tochi ya simu kwenye tundu la f, naona ukuta wa mbao katikati na waya zimelala pembeni.

Fundi_Nyuzi

Namba hizo ni njema, kijana. Pikapu zako hazina deni na wewe, ziache zifanye kazi. Na huo ukuta wa mbao ndio unaolifanya liwe la nusu uvungu: ndio unaozuia gita kupiga yowe ukisimama karibu na ampu, na daraja lako limeshikwa humo. Maana yake ni kwamba kazi yote itapitia tundu la f la upande wa vifundo.

A na B: B hupanda sawasawa kwa ukinzani, A hupanda polepole mwanzoni kisha kwa kasi. Sikio letu linasikia A kama mpando ulionyooka. Ukiweka B kwenye sauti, badiliko kubwa lote linajikusanya kwenye sehemu moja ya mzunguko, na huwezi kutuliza gita kidogo kidogo mwimbaji anapoingia. Dukani zungusha poti hadi katikati, upime mguu wa kati na wa pembeni, kisha wa kati na wa pembeni mwingine. Namba zikilingana ni B, hata kama imeandikwa vinginevyo. Moja ikiwa ndogo sana kuliko nyingine, chukua.

Chukua poti ndogo, zenye kiwiliwili cha milimita 16. Zile kubwa za Marekani zina shingo ya karibu milimita 9.5, na matundu ya gita lako huenda ni 7 au 8. Utalazimika kuyapanua, na mbao hizi za tabaka hupasuka rangi kirahisi. Tena vifundo vyako huenda visiingie, maana meno ya mhimili hayalingani. Ndogo zilizo bora zipo, na zinapita kwenye tundu la f bila ugomvi.

Namna ya kufanya. Legeza nyuzi zote, piga picha kila unachokiona. Chukua kadibodi, iweke juu ya gita, chora mahali pa kila poti, swichi na jeki, toboa. Mfumo wote mpya utaufunga juu ya hiyo kadibodi, ukiwa mezani, kwenye mwanga. Tumia waya wenye ngao ya nyuzi za shaba kila mahali, kwa sababu mwili huu hauna kinga yoyote ndani. Hamubaka huzima mvumo unaoingia kwenye koili zake, lakini mvumo wa hezi 50 unaoingia kwenye waya tupu hauwezi kuuzima. Funika ngao hiyo kwa mpira ili isije ikagusa mguu wa poti mle ndani ambako huoni.

Kabla hujatoa vya zamani, funga uzi wa kuvulia samaki kwenye mhimili wa kila poti, kwenye ncha ya swichi na kwenye jeki. Uzi uwe mrefu, na uweke alama kwa utepe: sauti ya shingo, toni ya shingo, hivyo hivyo. Fungua nati za chuma zinazobana poti kwa nje, sukuma poti ndani, zitoe kupitia tundu la f. Nyuzi za kuvulia zitabaki zimepita kwenye matundu. Kata waya za pikapu, uunge kwenye mfumo mpya ukiwa bado nje, na usisahau ule waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye kinanga cha nyuzi, pale ncha zake zinaposhikwa mwilini. Huo ndio unaonyamazisha gita ukiligusa. Kisha hamisha kila uzi wa kuvulia kwenye kifaa chake kipya.

Kabla ya kurudisha chochote ndani, chomeka kwenye ampu, gonga kila pikapu taratibu kwa bisibisi, zungusha vifundo vyote, geuza swichi. Kila kitu kikijibu, ndipo uvute: swichi kwanza, poti zilizo mbali na tundu, kisha za karibu, jeki ya mwisho. Ukikaza nati ya jeki, ishike isizunguke mle ndani, vinginevyo waya zinajisokota mpaka zikatike. Nadhani hiyo ya sasa inakatakata kwa sababu hiyohiyo.

Tengeneza nati ya mfupa baada ya hapo, wala si kabla, maana nyuzi utakuwa umezilegeza tayari. Na uamue sasa unene wa nyuzi utakaokaa nao, 0.010 au 0.011, kwa sababu mifereji nitakayokusaidia kuchonga itafuata hizo.

Solo_wa_Umoja

Nimeamua 0.011. Luthuli naenda Jumamosi asubuhi, Kibera baadaye mchana.