Tupeane uzoefu: kompyuta ya mezani ya zamani inayoganda baada ya kuongezewa vifaa

Kopi na Printi
Wakuu, habari za jioni. Nimeona nifungue uzi huu maana swali la "mashine yangu inaganda" haliishi, na jibu ni lilelile: piga Windows upya. Nina steshenari Mbagala, mashine zangu zote ni za mtumba, na msimamo wangu ni huu: kama mashine ilikuwa nzima, ukaiongezea kitu ndipo ikaanza kuganda, Windows iulizwe mwisho. Anza na ulichoongeza. Shusheni visa vyenu, ila semeni ni mashine gani, uliongeza nini, na inagandaje.

Naanza na changu. OptiPlex 7010, i5-3470, mashine ya Dell, niliichukua Kariakoo ikiwa na RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ya 4GB na hard disk. Msimu wa maombi ya vyuo ulipokaribia nikaiwekea SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu inayozunguka) na kipande cha RAM cha 8GB. Ikawa nyepesi kweli. Lakini ghafla, katikati ya fomu ya mteja, kila kitu kinasimama. Kishale hakisogei, kama kuna wimbo spika zinabaki na "trrrrr" moja isiyokatika, ukibonyeza Caps Lock taa ya kibodi haibadiliki. Hiyo taa ishikeni. Ikiwa bado inawaka na kuzima, mashine iko hai, tatizo laweza kuwa programu au upande wa picha. Ikigoma, imesimama yenyewe.

Fundi akapiga Windows. Ikaganda siku ileile. Nikaweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nikaiacha usiku kucha na kipande cha zamani peke yake: safi. Kipya peke yake: safi. Vyote viwili pamoja: mistari myekundu ikajaa kioo kabla hata raundi ya kwanza haijaisha. Kimoja kina kasi ya 1333, kingine 1600. Kimoja kina chipu upande mmoja, kingine pande zote mbili. Kuchanganya si haramu, wengi wamechanganya na wanaendelea na maisha, ila hivi viwili havikuelewana. Nikamrudishia muuzaji, nikachukua vipande viwili vya 4GB vinavyofanana hadi kibandiko. Tangu hapo kimya.

Wa Luthuli
Asante kwa uzi, ndugu yangu. Mimi natengeneza mashine hapa Nairobi na naongeza aina ya pili ya kuganda, ambayo watu huichanganya na hiyo yako. Mashine inasimama kama nusu dakika, taa ya diski imewaka tu bila kupepesa, halafu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kishale kinasogea lakini ukibonyeza kitu hakifunguki. Hapo RAM usiiguse kwanza. Fungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows), ingia Windows Logs, kisha System, utafute onyo namba 129 la storahci (draiva ya diski ya Windows) lenye maneno "Reset to device". Maana yake Windows iliagiza kitu kwa diski, ikangoja jibu, muda ukaisha, ikaamua kuianzisha diski upya.

Kuna mteja aliniletea HP Compaq 8300 ya ofisi, imewekwa SSD mpya. Aliyeiweka alichomoa kebo ya SATA (ile ya data inayounganisha diski na mashine) ya DVD akaitumia hiyohiyo, imekunjwa kona kali ikabanwa na kifuniko. Nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, mstari wa C7 unaohesabu makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani) ulikuwa unapanda kila nikinakili faili kubwa. Nikaweka kebo mpya, ukatulia palepale. Muelewe kitu kimoja: hiyo namba hairudi sifuri hata kebo ikiwa mpya. Kuikuta kubwa si hoja. Iandike, tumia mashine, kisha uangalie kama imeongezeka.

Kama kebo ni nzima na zile 129 bado zinakuja, ingia Power Options uweke High performance. Kuna SSD ambazo njia ya SATA ikisinzia ili kuokoa stima, haziamki vizuri.

Na wenye mashine za kizazi cha pili cha Core: tarehe 31 Januari 2011 Intel ilisimamisha usambazaji wa chipseti (chipu za bodi kuu) za 6 Series baada ya kugundua kwamba milango ya SATA ya 3Gb/s inaweza kudhoofika kadiri inavyotumika. Ile miwili ya 6Gb/s haikuguswa, na toleo lililorekebishwa likatoka baadaye. Nyingi zilirudishwa, lakini mtumba ni mtumba. SSD ichomekwe kwenye mlango 0 au 1, na kasi utaipata palepale.

Binti Mkunazini
Wenzangu mwazungumza mambo makubwa, mie nilipona kwa kifutio cha penseli. Huku Unguja hewa ya chumvi haina huruma. Tulipoongeza RAM kwenye mashine ya baba, ile ya zamani ilichomolewa ikarudishwa bila kusafishwa, na zile meno zake za dhahabu zilikuwa zimefifia. Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikasugua taratibu kwa kifutio, nikapangusa, nikarudisha mpaka nikasikia "ta" pande zote mbili. Pia vumbi kwenye feni lilikuwa limeshakuwa blanketi. Nafikiri joto nalo lilichangia.

Wa Luthuli
Dada, kwa meno ya RAM nakubali. Kwa joto naomba nikubishie kidogo. Prosesa za Intel za miaka hiyo zikipata moto hupunguza kasi zenyewe kwanza, na joto likizidi mashine inazima kabisa. Kwa hiyo joto la prosesa utaliona kama uzito au kuzima ghafla, mara chache sana kama picha kuganda. Kadi ya grafiki ni kesi nyingine.

Binti Mkunazini
Haya kaka, lakini vumbi nitaendelea kulitoa.

Kijana Nyegezi
Shikamooni wakuu. Yangu ni OptiPlex 9020, ile kubwa, nimeweka GTX 750 Ti. Mchana nacheza mpira vizuri tu. Ikifika usiku, ndani ya gemu, inaganda na sauti inabaki "trrrrr" kama ya mleta uzi. RAM nimeipima, haina kosa hata moja. Nifanyeje?

Mtu wa Biti
Marahaba mdogo wangu. Usiku umeme wa mtaani kwenu unashuka? Taa zinafifia? Mimi nina studio ndogo Arusha na suala la pawa saplai limenitesa mpaka nimelijua. Hiyo kadi yako inakula wati 60, zote inazipata kwenye sloti yake, ambayo mwisho wake ni wati 75. Kwenye karatasi pawa saplai ya 290W ya 9020 inaitosha. Lakini ya kwako imeshafanya kazi ofisini Ulaya miaka kadhaa kabla haijakufikia, na kapasita za ndani (vidude vinavyotuliza umeme) zinazeeka. Umeme wa ukutani ukishuka na kadi ikivuta kwa pamoja, inayumba.

Jaribu hivi: chomoa kadi, chomeka skrini kwenye madabodi (bodi kuu), tumia grafiki ya Intel iliyo ndani ya prosesa siku kadhaa usiku uleule. Kisha rudisha kadi, uwashe Linux Mint (mfumo wa bure mbadala wa Windows) kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, uisukume kwa kazi nzito ya picha. Ikiganda na huko, Windows na madraiva yake hayana kesi.

Na wengine mnaosoma: kadi inayodai plagi ya pini 6 msiilishe kwa adapta moja ya SATA. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampia 1.5, jumla wati 54. Pini 6 ina haki ya kudai 75. Nimeona adapta ya namna hiyo ikiwa imeyeyuka, plastiki imegeuka kahawia na kushikana na waya. Mwenyewe alikuja analalamika kwamba kompyuta "inaganda kila akirenda video".

Kopi na Printi
Kwa wenye mashine za kale zaidi, Pentium 4 na wenzake, fungueni kifuniko muangalie vichwa vya kapasita kwenye madabodi. Vikiwa vimevimba au vimetoa ute, hakuna cha MemTest wala nini. Kuna mafundi wanazibadilisha, ila bei yake na bei ya mashine vinakaribiana, mimi singehangaika.

Mpita Njia
Kwani si mnunue mpya tu? Windows 10 yenyewe ilishakwisha msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na hizo i5 za kizazi cha tatu na cha nne haziko kwenye orodha ya Windows 11. Inaanzia kizazi cha nane.

Kopi na Printi
Mkuu, niachie elfu hamsini hamsini za mtaji wangu. Mashine mbili za dukani nimeshazihamishia Mint, zinaprinti, zinaskani, wateja wanajaza fomu kwenye Chrome kama kawaida. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza ni Windows gani.

Kijana Nyegezi
MREJESHO. Bila kadi, usiku mzima haikuganda. Kurudisha kadi tu, ikaganda, na kwenye Mint ikaganda vilevile. Taa ya Caps Lock imekufa. Leo nimeazima pawa saplai kwenye 9020 ya rafiki yangu, nimecheza tangu magharibi mpaka sasa na taa za chumbani zinafifia mara kwa mara, yenyewe inadunda tu. Shida ni kwamba plagi kuu ya 9020 ina pini 8, si ile ya kawaida ya 24, kwa hiyo za dukani haziingii.

Mtu wa Biti
Kuna adapta ya kutoka 24 kwenda 8, ila chagua yenye waya mnene. Au tafuta ya 290W yenyewe kwenye mashine zilizokufa madabodi. Kabla hujalipa iwashe mbele ya muuzaji, uipe mzigo, usiridhike na feni kuzunguka.

Kijana Nyegezi
Sawa kaka, nashukuru. Mwenye 9020 kubwa iliyokufa, Mwanza au Shinyanga, aje inbox. Rafiki yangu anataka pawa saplai yake kesho asubuhi.