"Clone" maana yake nini hasa? Na ina undugu na koloni?

Mpekuzi_Maneno:
Wakuu habari zenu, kuna hili neno la Kiingereza "clone" linanisumbua. Kwenye kompyuta mtu ana-clone diski, benki wanaonya kadi zinakloniwa, halafu kuna yule kondoo Dolly. Kamusi yangu inasema "nakala halisi" basi, imeishia hapo. Sasa mbona fotokopi haiitwi clone? Na limetoka wapi, maana mi kila nikilisikia kichwani inakuja koloni, kuna undugu au masikio yangu tu?

Jicho_la_Tatu:
Masikio yako mkuu 😂 Koloni ni la Kilatini, colonia, mzizi wake ni kulima. Clone ni la Kigiriki, klōn, yaani kitawi. Wote wameanzia shambani ila hawajuani.

Aliyelileta ni Herbert Webber, mtaalamu wa mimea Marekani, mwaka 1903. Alitaka neno moja la kuita mimea yote iliyotokana na mmea mmoja bila kupitia mbegu. Yeye aliandika "clon", 1905 mwenzake akashauri iongezwe e mwishoni watu wasije wakaitamka vibaya.

Ndo ujue kwanini fotokopi haimo. Clone inatoka mwilini mwa mzazi wake. Ukikata pingili ya muhogo ukaifukia ikaota, hiyo ni clone tayari, kwahiyo wakulima wanakloni tangu enzi na enzi wala hawajawahi kuona maabara.

mama_bustani:
Na migomba jamani msiisahau. Ndizi za Cavendish hazina mbegu, zinapandwa kwa machipukizi, kwahiyo ni kama mgomba mmoja umesambaa dunia nzima. Kabla yake ilitamba Gros Michel, ukaja ugonjwa wa Panama ukayafagia mashamba makubwa ya biashara, maana migomba ikishafanana hivyo, unaoua mmoja unaua yote.

Bishoo_Sayansi:
Mi nakataa hilo la "halisi". Dolly alizaliwa 5 Julai 1996 kule Scotland, walichukua kiini cha seli ya kiwele cha kondoo mmoja wakakiweka kwenye yai la kondoo mwingine lililotolewa kiini chake. Sasa mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati) zinabaki za mwenye yai, na zina DNA yake, yaani maelekezo yake ya urithi, kwahiyo hapo tu ushakosa nakala kamili.

Kali zaidi ni yule paka wa Texas, CC, wa 2001. Aliyekloniwa alikuwa na rangi tatu, CC kazaliwa bila ile ya chungwa kabisa 😅 Paka jike wa rangi tatu kila seli inazima kromosomu X moja (hizo ndo zinabeba jeni ya rangi ya chungwa), na waliikloni seli moja tu, kwahiyo ilikuja na ile iliyobaki inafanya kazi.

fundi_kodi:
Kwa kompyuta maana imehama kidogo. IBM walitoa PC yao 1981, Compaq wakaja na mashine inayoendesha programu zilezile, ile BIOS (programu ya kuiwasha mashine) wakaiandika upya wenyewe bila kuiba ya IBM, na bado ikaitwa clone, yaani inafanya kazi sawasawa na ile. Diski ndo tofauti, ukikopi mafaili tu windows haiwaki, uki-clone unabeba na sehemu ya kuwashia na mpangilio wote. Kadi nayo wanachohamisha ni data za ile tepu nyeusi, plastiki inaweza kuwa yoyote.

Mpekuzi_Maneno:
Dah asanteni, kumbe kamusi ilinificha mengi. Moja tu la mwisho, mapacha wa kufanana nao ni clone? Clone wa nani sasa?

Bishoo_Sayansi:
Ndio ni clone, wao kwa wao. Yai lilirutubishwa moja likagawanyika, kwahiyo hakuna orijino hapo, hata yule aliyetangulia kuzaliwa asijidai.

mama_bustani:
Mwambie pacha wangu hayo 😂