Ukoo wa Nyegezi 🐟: safari ya Unguja

Doto 18:52
Shikamooni wakubwa. Nimetumiwa hii, naibandika hapa mwione kabla sijatuma hela:
"MJI MKONGWE SIKU 1 🌴 Matembezi ya mji + Beit-el-Ajaib + Soko la Watumwa + Freddie Mercury + kisiwa cha Changuu na kobe + shamba la viungo + samaki Forodhani usiku. Dola 85 kwa mtu. Tuma nusu leo, nafasi 6 tu zimebaki!!"

Mama Kulwa 18:54
Dola za nini tena, mtu anatoka Mwanza anakwenda Unguja?

Mjomba Masanja 18:55
Nafasi 6 zimebaki na ninyi mko 6. Ajabu ya Mungu 😂

Shangazi Pili 18:58
Marahaba Doto. Usitume kitu. Namba ya kulipia ni ya kampuni au ya mtu?

Doto 18:59
Ya mtu, shangazi. Jina la mwanamume.

Shangazi Pili 19:03
Basi hapo peke yake pametosha. Kampuni ya kweli ina lipa namba yenye jina la kampuni, na risiti. Lakini tuichambue hata hivyo, maana mkishuka bandarini Malindi mtapewa ofa hii hii kwa mdomo na papasi.

Neema 19:03
Papasi?

Shangazi Pili 19:06
Vijana wanaoganda kwa wageni bandarini na Forodhani, kama yule mdudu papasi anayenyonya damu. Si lazima wawe wezi. Kazi yao ni kamisheni: akikufikisha hotelini au dukani analipwa, na malipo yake yanaingia kwenye bei yako. Ukimtajia hoteli atasema imejaa, au imefungwa kwa ukarabati, "njoo nikuonyeshe nyingine". Dawa ni kuwaambia hoteli watume mtu wao getini, kwa sababu magari hayaingii kwenye vichochoro na hapo ndipo mgeni anapohitaji msaada kweli.

Shangazi Pili 19:11
Sasa ofa. Changuu ni kama nusu saa ya boti kwenda, nusu saa kurudi, na saa moja na nusu kisiwani. Shamba la viungo liko nje ya mji, Kizimbani au Kidichi, nalo linakula nusu siku. Mji wenyewe kwa miguu ni saa 3 ukienda taratibu. Haviingii ndani ya siku moja hata mkiamka na kuku. Watakachofanya ni kupita kila mahali mbio, halafu mtulizwe kwenye duka la vinyago.

Doto 19:12
Kwa hiyo tukate nini?

Shangazi Pili 19:17
Beit-el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu: sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, jumba likafungwa kwa ukarabati. Kwa hiyo kila anayeliweka kwenye ratiba muulize "ndani au nje?". Kuliangalia kwa nje pale Forodhani ni bure. Ngome Kongwe iko jirani yake, mchana mnaingia bila tiketi. Akitokea mtu mlangoni anataka kiingilio mchana, mpiteni. Jioni kukiwa na onyesho ni habari nyingine.
Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen: alizaliwa Unguja 1946, hilo kweli. Lakini nyumba zaidi ya moja zinatajwa kuwa yake. Makumbusho yake iko Shangani, ni ndogo, picha na maelezo. Kama hamna shabiki wake, pita.

Kulwa 19:18
Mimi shabiki 🙋🏾‍♂️

Mama Kulwa 19:18
Utajilipia.

Shangazi Pili 19:26
Mkunazini msikate. Pale palikuwa soko la watumwa, lilifungwa 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa juu yake. Ndani kuna duara la marumaru mbele ya madhabahu linaloonyesha ulipokuwa mti wa kuchapia watu, na msalaba wa mbao za mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake kule Chitambo, Zambia. Nje kuna sanamu za watumwa watano shimoni, kazi ya Msweden Clara Sörnäs, 1998. Tiketi mnakata dirishani hapo hapo, si kwa mtu wa barabarani, na semeni mapema kwamba ni Watanzania, vitambulisho mkononi.
Vile vyumba vya chini kila mtu anaambiwa ndimo watumwa walimofungwa. Jengo lililo juu yake ni la misheni, lilijengwa baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wanabishana kuhusu vyumba hivyo. Mwongozaji mzuri atawaambia hivyo mwenyewe. Mwongozaji wa kubabaisha atawapa idadi kamili ya watu kwa kila chumba.

Baba Neema 19:28
Mwongozaji anajulikanaje?

Shangazi Pili 19:31
Ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar, chenye picha, na hakasiriki ukiomba kukiona. Patana naye kwa kundi zima na kwa saa, si kwa kichwa. Na useme kabla hamjaanza: "Hatuingii duka lolote." Akikunja uso umeshajua mshahara wake unatoka wapi.

Mjomba Masanja 19:33
Shemeji nisaidie hapo kwenye boti. Hawa watoto wamezoea kivuko cha Kamanga, wanadhani maji ni maji.

Shangazi Pili 19:41
Hapo ndipo watu wa ziwani wanapokwama. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa maana. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya maji Unguja inafika karibu mita 4. Kwa hiyo:
Changuu maji yakipwa mtashuka mbali, mtembee majini na mabegi kichwani. Fungu la mchanga la Nakupenda ni kinyume: maji yakijaa linafunikwa. Yule kijana wa pwani atakuuzia Nakupenda saa yoyote, kwa sababu yeye anauza boti, hauzi mchanga. Mnafika, mchanga upana wa sebule, watu 80 juu yake.

Neema 19:42
😳 Sasa tunajuaje?

Shangazi Pili 19:44
Jedwali la maji lipo mtandaoni, tafuta bandari ya Zanzibar na tarehe yako. Nakupenda panga ufike masaa mawili hivi kabla maji hayajamaliza kupwa, uondoke yanapoanza kupanda. Changuu nenda asubuhi, upepo wa kaskazi mchana unachafua bahari.

Mjomba Masanja 19:52
Na kupatana boti kuna maneno yake. Msiulize "Changuu bei gani?". Ulizeni: boti nzima, watu 6, kwenda na kurudi, kutusubiri kwa masaa mawili, kiingilio cha kisiwa kimo au hakimo? Mambo yanayoharibika ni manne: bei ilikuwa ya kichwa nanyi mlidhani ya boti, ilikuwa ya kwenda tu, "mmechelewa" na muda hamkuwekeana, kiingilio kinadaiwa mkiwa tayari kisiwani. Lipeni nusu mkipanda, nusu mkirudi mkakanyaga nchi kavu. Nahodha aliyelipwa yote anaweza kuwakumbuka saa tisa.
Na kabla ya hela hesabuni jaketi okozi, moja kwa kila kichwa, ya mtoto iwe ya mtoto. Zikiwa zimefungwa kamba chini ya viti, zifunguliwe na zivaliwe kabla boti haijaondoka. Hili la jaketi si la kujadili, sisi watu wa ziwa tunajua kwa nini.

Mama Kulwa 19:53
Kaka umesema kweli. Hilo nalisimamia mwenyewe.

Doto 19:55
Kobe wenyewe wanafaa? Au nao ni mtego?

Shangazi Pili 19:58
Wanafaa. Ni kobe wakubwa wa Aldabra, wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli 1919. Gereza la kisiwani ndilo maneno mengi: lilijengwa miaka ya 1890 na halikuwahi kutumika kama gereza, kisiwa kikawa karantini. Watoto wasipande juu ya kobe hata akiwapo mtu wa kupiga picha anayewahimiza.

Baba Neema 20:01
Forodhani usiku je? Hiyo ndiyo kila mtu anaitaja.

Shangazi Pili 20:10
Nendeni, lakini msile samaki. Najua mnachonijibu: "sisi watoto wa Mwaloni, soko la samaki Mwanza, hatudanganywi samaki". Samaki mnamjua kwa jicho na kwa shavu. Kwenye mshikaki kichwa hakipo, shavu halipo, kimebaki kipande kilichopakwa masala na rangi. Kilichobaki jana kinachomwa leo tena. Pweza akiwa na utelezi na harufu ya kuchoma pua, acha. Kambakochi wa meza ile ana bei ya hotelini.
Hesabu yao iko hivi: mtu mwenye kofia nyeupe anakupa sahani, anakujazia huku anakusifia lugha, bei hakuna. Ukimaliza anahesabu vijiti kwa kichwa chake. Kwa hiyo sahani usipokee mpaka umejua bei ya kijiti kimoja. Agiza vitatu, lipa, kula, ukitaka rudi.
Kuleni urojo, mishkaki ya ng'ombe, na miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, watoto bila barafu. Pizza ya Zanzibar ni unga mwembamba wenye nyama ya kusaga, yai, kitunguu na mayonezi, umekunjwa na kukaangwa kwenye chuma. Chagueni chenye foleni, na mwambieni asiweke mayonezi, ile chupa imekaa nje tangu magharibi. Subirini yai likauke katikati.
Mchana kuleni Lukmaan, Mkunazini, karibu na mbuyu. Chakula kiko wazi mnaonyesha kwa kidole.

Mama Kulwa 20:12
Viungo wifi. Mimi safari yangu ni viungo.

Shangazi Pili 20:22
Basi usinunue shambani. Mwisho wa ziara kuna meza ya vipaketi na sabuni, na kijana amepanda mnazi akaimba, mmevalishwa kofia za makuti, mnaona haya kuondoka mikono mitupu. Mpe kijana bakshishi yake, viungo nunua soko la Darajani, ndani kabisa, si vibanda vya mbele. Na uliza "robo kilo bei gani?", usiulize paketi. Paketi zinapungua uzito, bei inabaki pale pale.
Karafuu: bonyeza kwa ukucha, nzuri inatoa mafuta. Au tia kwenye glasi ya maji: nzuri inazama au inasimama wima, iliyokamuliwa mafuta inalala juu. Chukua ya jikoni tu, biashara ya karafuu Zanzibar ni ya shirika la serikali, ZSTC, usije na gunia.
Vanila ipinde kidoleni, ikivunjika imezeeka.
Zafarani usinunue kabisa. Haioti Unguja, kwa wingi inatoka Iran na Kashmir. Inayouzwa kwa bei ya pipi ni maua ya kartamu au nyuzi zilizotiwa rangi. Kipimo: nyuzi tatu kwenye maji ya uvuguvugu, dakika 15. Ya kweli inatoa manjano polepole na uzi unabaki mwekundu. Ya uongo inamwaga rangi papo hapo, uzi unapauka.

Mama Kulwa 20:23
Na kanga?

Shangazi Pili 20:24
Mtaa wa Mchangani. Barabara ya Gizenga ni ya kuangalia.

Neema 20:25
Shangazi nataka hina mikono yote 🙏🏾

Shangazi Pili 20:29
Hina sawa, piko hapana. Hina ya majani ni uji wa kijani, unakaa saa kadhaa, rangi inatoka ya machungwa halafu inakolea kahawia. Wakikuambia "nyeusi, dakika 30, tayari", hiyo ni piko, rangi ya nywele. Ina kemikali inayochoma ngozi, malengelenge yanatokea siku kadhaa baadaye mkiwa mmesharudi Mwanza, na alama inaweza kubaki.

Baba Neema 20:37
Niongeze la Dar, maana mtego wa kwanza uko huku kabla ya bahari. Basi la Mwanza linawashusha stendi ya Magufuli, Mbezi. Chukueni mwendokasi wa kuelekea Kivukoni ila mshuke Posta ya Zamani. Mkienda mpaka Kivukoni mmefika kwenye pantoni ya Kigamboni, na hapo mwenye bajaji atawauzia safari ya kurudi nyuma. Njia nyingine ni basi mpaka Dodoma halafu treni ya SGR, stesheni yake Dar iko katikati ya mji.
Nje ya geti la boti mtaambiwa "boti ya asubuhi imejaa, njoo ofisini". Ofisi yenyewe ni meza. Tiketi ni dirisha la kampuni yenyewe, Azam au Zan Fast Ferries, au tovuti yao. Ya haraka inachukua kama saa 2, hakikisheni hamkuuziwa ya polepole. Begi usimpe mtu asiye na sare, atalibeba hatua 40 na kudai hela ya kilometa. Ile bima ya lazima ya wageni, iliyoanza Oktoba 2024, haiwahusu Watanzania, akiitaja mtu mpiteni.

Doto 20:41
Kwa hiyo: siku ya kwanza mji na Mkunazini kwa miguu, jioni Forodhani. Ya pili Changuu kwa jedwali la maji, mchana Darajani. Shamba?

Shangazi Pili 20:42
Shamba siku ya tatu kama hela ipo. Nitumie tarehe nikuangalizie maji.

Doto 20:43
20 mpaka 23 Desemba.

Baba Neema 20:45
Nakata tiketi kesho. Nitumieni majina yote 6 kama yalivyo kwenye NIDA, na wadogo cheti cha kuzaliwa. Jina likitofautiana mnarudishwa getini.

Mama Kulwa 20:46
Kulwa, kwenye NIDA umeandikwa Kulwa au jina la ubatizo?

Kulwa 20:47
La ubatizo 😅

Baba Neema 20:47
Andika hilo.