Mji Mkongwe: andikeni bei ukutani, mmetuchosha!

Wakuu, salaam. Povu ruksa, ila someni hadi chini kabla ya kuniambia nirudi kwetu Morogoro.

Nimetoka Zanzibar mwishoni mwa wiki na familia: mke wangu, mtoto, na mama yangu mzazi, ambaye siku zote alitamani kuliona kanisa la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Mji wenyewe sina ugomvi nao. UNESCO walipouingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 hawakukosea, na mtu akipita vichochoro vya Kiponda na Hurumzi asubuhi kabla jua halijawa kali hawezi kubisha. Ugomvi wangu ni wa kulala na kula. Wala si ughali. Bei kubwa nikiiona nitajipima mwenyewe: namudu, au napita zangu kwenda kula urojo. Ninachokataa ni bei ambayo haipo popote mpaka mwenye mali akuangalie viatu, aisikilize lafudhi yako, ndipo aitamke.

Nianze na kulala.

Hoteli niliipata mtandaoni. Jina silitaji, wasimamizi wa jukwaa wasije wakaufunga uzi. Nyumba ya zamani, mlango wa misumari ya shaba, kitanda cha Kizanzibari chenye nguzo nne, na juu darini mahali pa kunywea chai. Bei imewekwa kwa dola. Sasa jamani, tangu tarehe 28 Machi 2025 tuna kanuni zinazokataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni kwa biashara za humu nchini, na zinazokataza kumkatalia mtu anayetaka kulipa kwa shilingi. Na msije na hoja ya "huku ni Zanzibar": fedha ni jambo la Muungano, Benki Kuu ni ya Muungano, na noti ninazolipwa mshahara ndizo hizo hizo zinazonunulia vitunguu Darajani. Nafika kaunta nasema nalipa kwa shilingi. Kijana anachukua kikokotoo, anapiga hesabu kwa kiwango chake mwenyewe, cha juu kuliko cha benki yoyote niliyoiona kwenye simu siku ile. Nikamuuliza kiwango hicho kakitoa wapi.

"Ndicho cha hoteli, kaka."

Basi hoteli nayo ina benki kuu yake.

Hapo ada hazijaingia. Ikaja ada ya miundombinu, kwa kila mgeni, kwa kila usiku. Sawa, ni ya serikali, ilipwe. Lakini kama kila anayelala pale anailipa, na nyinyi mnaijua, kinachowashinda kuijumlisha kwenye bei ya mtandaoni ni nini? Ikafuata "huduma". Ikafuata asilimia ya kutumia kadi. Nikaamua kulipa kwa simu, na malipo yakapita papo hapo. Nikaomba risiti ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar: "Mtandao uko chini, kaka." Wakati wa kuondoka nikaiomba tena, mtandao bado uko chini. Mtandao wa kupokea unapatikana, wa kutoa risiti ndio unaumwa.

Halafu cheti cha ndoa. Hapa ndipo damu ilipochemka.

Tumesimama kaunta na vitambulisho vyetu vya NIDA mkononi. Mtoto kalala begani kwa mama yake. Mama yangu kakaa kwenye kiti cha ukumbini, mkoba mapajani. Kijana anainamisha kichwa kwa adabu zote: "Samahani kaka, mna cheti cha ndoa?" Nikadhani sikusikia. Akarudia. Kabla sijafungua mdomo, bimkubwa akajibu kutoka kitini: "Mwanangu, huyu wa kiume nimemzaa mimi. Huyu wa kike mahari yake nimeipeleka mimi kwa miguu yangu. Na huyo anayekoroma hapo begani ni mjukuu wangu. Unataka cheti gani tena?" Kijana akacheka kwa aibu, akasema ni utaratibu tu.

Haya, utaratibu. Nyuma yetu walikuwa vijana wawili wa Kizungu, mvulana na msichana, mabegi mgongoni. Wakapewa ufunguo na glasi za juisi ya ukwaju. Hakuna aliyewauliza kama ni mume na mke, ni ndugu, au wamekutana kwenye boti asubuhi ile. Mimi naheshimu maadili ya Zanzibar, na kama nyumba inataka cheti, iandike kwenye tangazo tujiandae. Ila maadili yanayoangalia rangi ya pasipoti siyaelewi.

Chumba sasa. Tulipofungua mlango tukapokewa na harufu ya kuvu. Mwenyeji akatwambia ndiyo hali ya nyumba za kale. Si kweli, na fundi yeyote aliyewahi kushika nyumba za Mji Mkongwe atawaeleza. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari limebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: upana unaishia pale urefu wa boriti unapoishia. Ukuta wa namna ile unapitisha unyevu ukatoka wenyewe. Ukija wewe na haraka zako ukaupiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta juu yake, umeufungia unyevu ndani, nao unaanza kula ukuta. Plasta inavimba, inapasuka, inadondoka vipande. Wenyewe walikuwa wametundika picha kubwa ya mlango wa Kizanzibari kuficha mahali palipovimba (picha ya mlango, kwenye mji wa milango!). Nyuma ya picha ukuta ulikuwa umeota kuvu jeusi hadi kwenye swichi. Ukiwasha kiyoyozi, harufu inasambaa chumba kizima. Ukikizima, joto la Zanzibar mnalijua. Mama alikohoa usiku kucha. Kwa hiyo pesa ya "urithi" nimelipa, na urithi wenyewe wameuzika chini ya saruji.

Dirisha lilitangazwa kuwa linatazama Beit al-Ajaib. Jumba lile Sultan Barghash alilijenga mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Hoteli haina kosa kwa hilo. Kosa ni kuweka kwenye tangazo picha ya jumba likiwa zima na mnara wake wa saa, mwaka huu, kisha mgeni afungue dirisha aone uzio wa mabati na majukwaa ya mafundi.

Adhana ya alfajiri wala siihesabu. Anayelala Mji Mkongwe na kulalamikia adhana akalale kwingine.

Kifungua kinywa kiliandikwa "cha Kizanzibari". Zikaja slesi za mkate mweupe, soseji, na siagi ya kwenye kipakiti. Mama akauliza kama mpishi ametoka Dar.

Tuje kwenye kula, maana huko ndiko nilikopigwa mchana kweupe, ingawa ilikuwa usiku.

Forodhani mnaijua. Bustani ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture ikafunguliwa upya mwaka 2009, na jioni ni pazuri kwelikweli: moshi wa mkaa, taa, vijana wanaruka kutoka ukutani na kujitosa baharini huku watu wakipiga makofi. Meza zimejaa pweza, ngisi, kamba, kambakoche, mishikaki ya nyama, mihogo, ndizi. Wapishi wamevaa kofia nyeupe. Nilipita meza moja baada ya nyingine nikitafuta kibao cha bei. Hakuna. Hata kipande cha boksi chenye maandishi ya kalamu hakuna. Kijana mmoja ambaye sikumwita akajiunga nasi tangu getini, anatuonyesha "meza ya mjomba wake". Nikamuuliza muuzaji bei ya mshikaki wa pweza. "Chagua tu kaka, wewe si mgeni, tutaelewana." Nikamuuliza tena. "Bei ya nyumbani." Nikasisitiza, akataja bei ya pweza peke yake, ndogo tu, nikaridhika. Ya kamba, chapati na mihogo hakuitaja, na mke wangu alikuwa tayari anapakuliwa.

Hesabu ikaja Sh 85,000 kwa sahani mbili. Pweza alikuwa mgumu kama kandambili, ameshachomwa zamani na kupashwa moto mbele yetu kwa maonyesho. Kamba ndiye aliyebeba bei, maana kila kamba aliyechomekwa kwenye kijiti alihesabiwa kama kijiti kizima. Nilipobisha, sauti zikapanda, wenzake wa meza za jirani wakasogea, mke wangu akanivuta shati. Nikalipa. Na wakati nalipa, kwa macho yangu, nikamwona yule kijana wa getini akipewa chake kwa chini. Hapo ndipo utaelewa kwa nini kibao hakiandikwi: papasi, yaani dalali wa wageni kama yule kijana, ana kamisheni, kamisheni haitoki mfukoni mwa muuzaji, inapandishwa juu ya sahani yako. Bei ikiandikwa, papasi hana pa kuchomeka mkono. Huyohuyo papasi ndiye anayekusubiri bandarini Malindi kukupeleka hotelini, na huko nako kuna chake.

Mama, ambaye hakuwa na habari na meza za kamba, alikwenda pembeni kwa muuza urojo. Akauliza bei kabla hajakaa, akatajiwa moja kwa moja, akalipa kwa noti ndogo na kurudishiwa chenji. Bakuli limejaa: bajia, viazi, mshikaki, yai, chipsi za muhogo, chatini ya nazi, supu ya ukwaju na embe inayokwaruza koo. Akashushia juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Alikula vizuri kuliko sisi kwa pesa ambayo ni aibu kuitaja hapa.

Kesho yake tulikula Mkunazini kwa Lukmaan, karibu na mbuyu, chakula kiko mbele yako unakiona kwenye sufuria na unaonyesha kwa kidole: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha. Kahawa tukanywa Sokomuhogo, pale wanapopaita Jaws Corner, kwenye baraza na wazee wanaobishana siasa na mpira. Hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi. Kwa hiyo msiniambie Zanzibar haiwezekani kula kwa haki. Inawezekana, na ipo, mitaa miwili tu kutoka kwa wanaotuchuna.

Nendeni Fort Jesus, Mombasa. Kiingilio cha raia ni kimoja, cha mkazi kingine, cha mgeni wa nje kingine kabisa, na kimetangazwa. Mzungu analipa zaidi yangu, anajua analipa zaidi yangu, na anajua kwa nini. Hakuna anayetukanana. Sipingi bei tofauti, napinga bei ya kukisiwa usoni kwa mtu.

Ninachotaka ni kidogo. Kamisheni ya Utalii Zanzibar na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara waweke sharti moja: hakuna leseni ya meza wala ya chumba bila bei iliyoandikwa kwa shilingi, ada zote zikiwa ndani, mahali ambapo mteja anaisoma akiwa bado hajavua viatu. Jambo hili halihitaji semina wala mfadhili. Linahitaji ubao na chaki.

NYONGEZA baada ya kusoma maoni yenu:

Mdau uliyesema wabara tumezoea vya bure: soma tena, nimelipa kila kitu. Hata pweza.

Uliyesema nishukuru kwa sababu wageni wa nje wanakamuliwa zaidi, ni kweli, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wanalipia na bima ya dola 44 wakiingia. Lakini bima hiyo inajulikana kabla mtu hajapanda ndege. Umenisaidia hoja yangu, asante.

Uliyenishauri niende Ramadhani vyumba vinaposhuka bei: vinashuka kweli, ila mchana migahawa mingi imefungwa na kula hadharani ni kutafuta matatizo. Mwenye watoto wadogo ajipange.

Na wewe unayesema nilale Nungwi: mama yangu hakufuata ufukwe.

Mwaka huu shangazi naye anataka kwenda, na hataki kusikia neno kuvu. Mwenye kuijua nyumba ya kulala wageni Malindi, Vuga au Mkunazini ambayo bei yake iko ukutani kwa shilingi, maji yanatoka usiku, ngazi si za kupandia mnazi, na risiti inatoka bila kuombwa, aweke hapa chini. Msinifuate kwa ujumbe wa pembeni, wekeni hapahapa kila mtu aone. Na mkiweka, wekeni na bei.