Mrejesho: Jiko la gesi au la umeme?

Wakuu, habari za siku. Niliomba ushauri baada ya jiko letu la umeme la plate nne kufa, nikiwa njia panda kati ya gesi na umeme tena. Ahsanteni sana.

Nimefuata ushauri wa dada aliyesema nichanganye: jiko la gesi plate mbili na mtungi wa kilo 15, pamoja na presha kuka ya umeme kwa maharage na makande. Maharage makavu hayamalizi hata uniti moja! Chapati na ugali ni gesi tu, na umeme ukikatika tunakula kama kawaida.

Aliyesisitiza nipake povu la sabuni kwenye maungio, Mungu akubariki. Pale kwenye klipu ya regyuleta mapovu yalitoka, yaani gesi ilikuwa inavuja, na fundi alishasema kila kitu safi. Nimebadilisha klipu na mpira.

Nilipofeli ni oveni. Ile ndogo ya umeme niliyoongeza, nikiiwasha pamoja na presha kuka swichi inaruka, na keki inaungua chini juu ikiwa mbichi. Mama watoto kairudia sufuria yake na mkaa juu ya mfuniko.