Breki za Morris Minor ya 1959: nibaki na dramu au nifunge diski mbele?

Turubai Hapana:
Wakuu, habari za muda huu. Nina Morris Minor 1000 ya 1959, injini ni ile ile iliyozaliwa nayo, cc 948, breki za dramu miguu yote minne. Nimeirithi kwa mjomba na nataka kuitembeza, siyo kuifunika.

Shida ni breki. Pedali inashuka sana ndipo ishike, na ikishika gari inavuta kushoto mpaka niukamate usukani kwa mikono miwili. Juzi kwenye mteremko mrefu nilikanyaga mara nne tano, ya mwisho pedali ikawa ngumu kama nimekanyaga ubao, lakini mwendo haupungui! Nilifika chini kwa gia ya pili, jasho mgongoni, harufu ya kuungua imejaa ndani.

Fundi mmoja anasema tupa dramu za mbele, funga diski, ile sahani inayobanwa na pedi pande mbili. Mwingine anasema nitaiharibu gari ya kihistoria. Naombeni ushauri.

Spana 13:
Tupa mkuu, unasubiri nini? Jaguar walishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1953 kwa diski. 1955 Citroën DS ikatoka kiwandani na diski mbele. Leo hii bado tunajadili dramu?

Mzee Ngoma:
Spana 13, Jaguar ile ilikuwa inakanyagwa breki kutoka zaidi ya kilomita 200 kwa saa, usiku na mchana. Minor ya 948 ikifika 110 tunapiga makofi.

Mleta uzi, umetaja magonjwa matatu, kila moja na dawa yake.

Pedali kushuka: mara nyingi brekishuu (zile pinde zinazosukumwa zisugue dramu kwa ndani) ziko mbali na dramu. Gari hii haijirekebishi yenyewe. Mbele, kila gurudumu lina virekebishi viwili, kimoja kwa kila shuu, na mafundi wengi hukaza kimoja wakaondoka. Vua kofia ya rimu, zungusha gurudumu mpaka tundu la dramu likutane na skrubu, kaza hadi gurudumu ligome, halafu legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Rudia kwa cha pili. Ikiwa pedali bado iko chini, toa upepo kwenye mafuta ya breki, kisha ndipo umshuku masta silinda, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali.

Kuvuta kushoto: maana yake kulia hakushiki. Vua dramu ya kulia kabla hujanunua chochote.

Mteremko: hapo umesema jambo zuri bila kujua. Dramu ikipata moto inapanuka na kuikimbia shuu, kwa hiyo pedali inazidi kushuka. Mafuta ya breki yakichemka pia inashuka. Yako ilikuwa ngumu, kwa hiyo ni laini za shuu (ile ngozi ngumu inayosugua dramu) ndizo zilizoungua zikawa zinateleza. Diski ingekusaidia kweli hapo, maana imekaa wazi kwenye upepo, na ikivimba inazifuata pedi badala ya kuzikimbia. Lakini na wewe, mteremko mrefu unashuka na gia tangu juu, hungoji harufu.

Na tahadhari: laini za zamani nyingi zina asbesto. Usipulize lile vumbi kwa kompresa. Futa kwa kitambaa kibichi.

Bi Karakana:
Mimi yangu nimefunga diski mbele na sijutii, ila niseme nisiyoambiwa.

Kwanza, rimu ya zamani inaweza kugusa kalipa, kile kibano kinachoshika pedi. Jaribisha rimu kabla hujang'oa kitu. Pili, pedali inakuwa nzito. Zile dramu za mbele, gari ikienda mbele, shuu zote mbili zinavutwa na mzunguko na kujikandamiza zenyewe. Diski haina msaada huo, nguvu yote ni mguu wako mpaka ufunge busta, kifaa cha kuusaidia mguu. (Ukirudi nyuma ujanja wa dramu unageuka dhidi yako, ndiyo maana Minor hukaa kwa shida ikitaka kurudi nyuma mlimani.)

Tatu ndiyo iliyonitesa. Masta silinda yangu ilikuwa bado na vali ya kubakiza presha kwa ajili ya dramu, psi (kipimo cha presha) kama 10 hivi. Presha hiyo ikawa inazibana pedi muda wote. Safari ya kwanza nilisimama nikagusa rimu, nikaruka! Nikaitoa vali, pedali ikawa inashuka, kwa sababu masta ya Minor iko chini ya sakafu, chini kuliko kalipa, mafuta yanarudi. Dawa ikawa vali ndogo ya psi 2.

Na msidanganyane: paipu ya mafuta ya breki ni njia moja kwa magurudumu yote. Paipu ikipasuka, umebaki na hendibreki tu, uwe na diski au dramu.

Nati Iliyolegea:
Mbona hamtaji njia ya katikati? Yako ina dramu za mbele za inchi 7. Minor za kuanzia 1962, zenye cc 1098, zina za inchi 8, na wengine hufunga za inchi 9 za Wolseley 1500. Kwa macho hutaona tofauti, kwa mguu utaiona.

Turubai Hapana:
Nimerudi. Nimevua dramu ya kulia mbele. Wili silinda moja (kisilinda kinachosukuma shuu) inavuja, shuu yake imelowa inang'aa kama imepakwa asali. Kirekebishi cha pili kimeganda, nadhani hakijaguswa tangu enzi za mjomba. Dramu yenyewe haina ufa.

Sasa diski naziweka pembeni kwanza. Mzee Ngoma, hizo shuu nikizisafisha kwa petroli nikazipiga msasa zitafaa?

Mzee Ngoma:
Hapana. Laini ikishakunywa mafuta, ukiipasha moto inayatapika tena. Nunua seti, weka kulia na kushoto pamoja, la sivyo itavuta tena. Wili silinda badilisha zote nne za mbele, na hozi za mpira pia, huvimba kwa ndani na kwa nje zikaonekana nzima. Ukijaza mafuta mapya ya breki weka ya daraja la DOT 4, ya zamani yote nje.

Halafu nenda inchi 8 za Nati ukipata. Kirekebishi kilichoganda, kipake mafuta ya kupenyeza leo, kesho ndiyo ukiguse. Ukikilazimisha leo kitakatika.